Iktomi, buibui wa Wasioux: Sungura na Fisi katika ngozi moja

Mwalimu mmoja anayefundisha fasihi simulizi katika shule ya sekondari mkoani Morogoro ameniandikia hivi, nami nimeifupisha barua yake: «Nimesoma ngano chache za Wasioux wa Marekani zinazomhusu mjanja aitwaye Iktomi, ambaye jina lake maana yake ni buibui. Katika ngano moja ni mwerevu anayeokoa watu, katika nyingine ni mjinga anayenyang'anywa chakula chake mwenyewe, na mahali pengine nimekuta kwamba alikuwa mungu wa hekima. Je, ni Sungura wetu kwa jina jingine? Je, ana undugu na Anansi, buibui wa Ghana? Na mbona ngano hizo zimejaa watu wanaogeuka wanyama, hali kwetu kitendo hicho hunasibishwa na wachawi?»

Mwalimu, nitaanza na majibu mafupi, kisha nitayafungua. Iktomi si Sungura. Ukitaka kumweleza mwanafunzi wa Kiswahili kwa sentensi moja, mwambie kwamba ni Sungura na Fisi waliotiwa katika ngozi moja: akili ya yule wa kwanza na tumbo la yule wa pili. Undugu na Anansi hana, nami nitaeleza sababu. Kuhusu swali lako la kugeuka, lugha yetu yenyewe inatupa ufunguo mzuri, kwa kuwa sisi tunatofautisha kugeuka, kujigeuza na kugeuzwa. Ngano za Wasioux zinatofautisha mambo hayohayo matatu, ingawa kwa matukio na si kwa viambishi.

Kwanza niwaweke wenyewe mahali pao. Jina «Sioux» hawakujipa. Lilipita kwa majirani zao Waojibwe na kwa wafanyabiashara Wafaransa kabla ya kuingia vitabuni. Wao hujiita Dakota au Lakota kulingana na lahaja, na umoja wao mkubwa ni Oceti Sakowin, yaani Mioto Saba ya Baraza. Nchi yao ya kale ilianzia misitu na maziwa ya Minnesota ikaenea magharibi hadi kwenye nyanda za Dakota Kusini, Dakota Kaskazini, Nebraska na Montana, na jamaa zao wengine wako Kanada. (Lile jina la «Wahindi Wekundu» lililozoeleka katika vitabu vyetu vya zamani ningekushauri uliache, ni kosa la mabaharia juu ya kosa la wachora rangi.) Wadakota wa mashariki humwita mhusika wetu Unktomi, na Walakota humwita Iktomi au, kwa ufupi wa kimazoea, Ikto.

Jambo la pili ni utanzu. Walakota huyatenga masimulizi yanayochukuliwa kuwa habari za kweli za watu na matukio na yale yaitwayo ohunkakan, ambayo ni ya zama za kale mno, yenye maajabu, na ambayo desturi iliyahifadhia usiku, hasa usiku mrefu wa majira ya baridi. Ngano za Iktomi ziko katika kundi hili la pili. Mzee wa bara aliyewahi kutukataza hadithi mchana angeielewa desturi hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa tumtazame Iktomi mwenyewe kwa karibu, katika ngano inayojulikana kuliko zote, ile ya bata.

Iktomi anakwenda zake. Hivyo ndivyo ngano zake nyingi zinavyoanza: hana safari, hana kazi, hana mwenzi, anatembea tu. Amevaa ngozi laini ya paa yenye matamvua, nywele zake ndefu zimegawanywa katikati, uso ameupaka rangi nyekundu na ya manjano, na macho ameyazungushia duara nyeusi. Mgongoni ana mzigo. Anapita kando ya ziwa ambako bata wanacheza ngoma, nao wanamwuliza amebeba nini. Anasema amebeba nyimbo. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana mzigo ule ni manyasi matupu, lakini nani ambaye hangetaka kusikia wimbo mpya? Bata wanamsihi. Yeye anajikataza kidogo, kama afanyavyo kila tapeli hodari, kisha anakubali kwa sharti: wacheze ndani ya kibanda chake cha nyasi, tena wakiwa wamefumba macho, na atakayefumbua macho yake yatakuwa mekundu milele. Ngoma inaanza. Iktomi anaimba kwa sauti kubwa ili kufunika sauti nyingine, na kila bata anayepita karibu naye anapata rungu la kichwa au anavunjwa shingo. Hatimaye mmoja anachungulia, anapiga kelele, na waliobaki wanatoroka. Katika matoleo mengi ya nyanda zile ndipo tunapoelezwa kwa nini ndege fulani wa majini ana macho mekundu hadi leo. Kwa istilahi ya darasani kwako, ngano ya hekaya imegeuka kuwa ngano ya usuli katika sentensi moja.

Kama hadithi ingeishia hapo, angekuwa Sungura. Lakini haiishii hapo. Iktomi anawasha moto, anawapika bata wake, na wakati akingoja anasikia matawi mawili ya mti yakisuguana kwa upepo na kulia. Sauti inamkera. Anapanda mtini kuyanyamazisha, na matawi yanambana. Kundi la mbwa mwitu linapita mbali, halina habari ya bata wala moto. Na huyu bwana, badala ya kunyamaza, anawapigia kelele kutoka juu ya mti kwamba wasije upande ule, wala wasithubutu kugusa bata wake. Naam, wanakuja. Wanakula wote mbele ya macho yake, kisha matawi yanamwachia.

Tazama jinsi ngano hii ilivyofumwa, Mwalimu. Ulimi uliowaua bata ndio uliowaita mbwa mwitu. Sungura wetu huchagua adui mwenye nguvu kumzidi, Simba au Tembo, na sisi wasikilizaji humshangilia kwa sababu ni mdogo; akili yake ni silaha ya mnyonge. Kwa kawaida Iktomi hana adui wa namna hiyo. Anaowahadaa ni bata na panya wa majini, wengi wao wadogo na wenye nia njema, na anachoshindana nacho hasa ni njaa yake na haraka yake. Kwa hiyo msikilizaji wa Kilakota hakai upande wake, wala hakai upande wa adui yake. Anacheka, na kicheko hicho kina haya ndani yake, kwa kuwa kila mtu amewahi kupiga kelele mtini siku moja.

Kuna alama nyingine ambayo wafasiri huipita haraka. Iktomi huwaita karibu wote anaokutana nao «mdogo wangu», nao humjibu kwa heshima ya kaka mkubwa. Kwa Walakota undugu si maneno matamu tu: mtu akikuita ndugu, ana wajibu kwako, na wewe una wajibu kwake, na kumnyima ndugu chakula ni aibu kubwa. Iktomi analijua jina la undugu na anazidai haki zake, ila wajibu wake hautimizi. Panya wa majini anapomkuta anapika samaki, angetazamia, kwa adabu ya nchi ile, kukaribishwa bila kuuliza. Iktomi badala yake anatunga shindano la mbio ili asimgawie, na anajikuta ameupoteza mlo wote. Msikilizaji wetu wa pwani, anayejua uzito wa neno «karibu» wakati sahani iko mezani, hatahitaji tanbihi hapo.

Nije sasa kwenye jambo lililokutatiza zaidi, kwamba ulimkuta akitajwa kama mungu wa hekima. Habari hiyo inatoka hasa kwa James R. Walker, aliyekuwa daktari katika hifadhi (yaani eneo lililotengewa wenyeji) ya Pine Ridge, Dakota Kusini, kuanzia mwaka 1896 hadi 1914. Wazee wa Kioglala, tawi mojawapo la Walakota, wakiwamo George Sword na Little Wound, walikubali kumfundisha mambo ya dini yao kwa kuwa waliona kwamba watakufa nayo. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilikuwa imeweka kanuni zilizozuia ngoma na ibada za wenyeji, na shule za bweni zilikuwa zikiwakataza watoto lugha ya mama zao. Katika masimulizi aliyoyapanga Walker, mwanzo wa vyote ni Inyan, yaani Mwamba. Miongoni mwa watoto wake alikuwamo Ksa, Hekima, ambaye ndiye aliyeunda lugha na kuvipa viumbe majina. Ksa huyo aliutumia ujuzi wake kwa mizaha na fedheha hata akavuliwa cheo na kupewa jina la Iktomi.

Kisa cha kuvuliwa kwake ni hiki. Wazi na Kanka, mzee na mkewe, walikuwa na binti mzuri mno aitwaye Ite, Uso, aliyeolewa na Tate, Upepo. Walitamani binti yao apande juu zaidi. Iktomi akawasaidia kwa hila zake: uzuri wa Ite ukaongezwa, na kwenye karamu akakalishwa kando ya Wi, Jua, katika kiti cha Hanwi, Mwezi, mke halali. Hanwi alipofika na kukuta kiti chake kimekaliwa, alijifunika uso kwa joho lake kwa aibu. Skan, mwenye kuhukumu, akatoa hukumu kwa kila mmoja. Hanwi alitengwa na Jua akapewa usiku, na hata leo kila anapomkaribia Jua huuficha uso wake. Ite aligeuzwa: akawekewa uso wa pili, wa kutisha, nyuma ya ule mzuri, na jina lake likawa Anog Ite, mwanamke mwenye nyuso mbili. Iktomi alihukumiwa kutokuwa na rafiki milele. Yeye akacheka, akaenda zake.

Sina budi kukutahadharisha hapa. Walker aliyafuma masimulizi ya wazee mbalimbali kuwa mfululizo mmoja wenye mpangilio, kama mtunzi wa tenzi anavyounganisha riwaya za wapokezi wengi, na mkono wake mwenyewe unaonekana katika mshono. Katika miaka ya 1930 Ella Deloria, mwanamke wa Kiyankton (kundi mojawapo la ile Mioto Saba) aliyezaliwa mwaka 1889 na kulelewa katika hifadhi ya Standing Rock, alitumwa kuwauliza wazee juu ya masimulizi hayo, na aliowauliza hawakuyatambua katika umbo lile. Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba «Walakota wanaamini» mfululizo mzima kama ulivyochapwa. Waambie kwamba baadhi ya wazee wa Kioglala walimfundisha daktari mmoja mambo haya, na kwamba yeye ndiye aliyeyapanga. Hata hivyo mimi naona wazo la Hekima iliyoporomoka ikawa hila linaafikiana barabara na ngano za kawaida. Iktomi wa ngano za usiku hakosi akili hata mara moja. Anachokosa ni kiasi. Kiswahili kina maneno ya ngazi hiyo, hekima, werevu, ujanja, hila, na mtu anaweza kuishuka ngazi yote bila kupoteza chembe ya akili yake.

Hapo ndipo swali lako la tatu linapokutana na la kwanza. Wewe uliuliza kuhusu kugeuka. Iktomi hujigeuza, tena mara nyingi: huvaa mavazi ya mtu mwingine, hujifanya shujaa, hutamani umbo la kila kiumbe kizuri anachokiona. Katika ngano mojawapo anakuta tausi juu ya mti na roho inamtoka kwa mikia yao. Anawaomba wamfanye mmoja wao. Wanakubali, kwa sharti moja tu, asijaribu kuruka. Anapata manyoya, anatembea akijitazama, anajizungusha, na muda si muda anaona kwamba tausi asiyeruka ni nusu ya tausi. Anaruka, anaanguka kwa kishindo, na akiinuka ni Iktomi yuleyule mwenye ngozi ya paa. Baadaye anataka kuwa mshale, anapewa sharti la kwenda moja kwa moja, analivunja. Kisha anamwonea wivu ndama wa kulungu kwa madoa yake mazuri, na ndama anamweleza kwa utulivu kwamba madoa hupatikana kwa kulala shimoni na kuwashiwa moto juu yake. (Tausi, bila shaka, ni ndege wa Asia na hajawahi kuishi porini Dakota. Toleo hilo lilichapwa mwaka 1901 na Zitkala-Ša, mwandishi wa Kiyankton aliyezaliwa mwaka 1876 na kupelekwa shule ya wamisionari huko Indiana akiwa na umri wa miaka minane. Ndege huyo ameingia katika ngano kutoka ulimwengu mpya, kama vile bunduki na shilingi zilivyoingia katika ngano zetu.)

Huko ndiko kujigeuza. Umbo linaazimwa, sharti linavunjwa, umbo linarudi kwa mwenyewe. Mfano mzito zaidi ni ule ambamo Iktomi anamhadaa kijana shujaa, anayetokana na bonge la damu ya nyati, akamwacha amenaswa kwenye mti, akavaa mavazi yake yaliyonakshiwa na kubeba mshale wake, akaenda kwenye kijiji kilichokuwa kikimngojea mwokozi wa kumwua tai mwekundu aliyekuwa akiwatesa. Wanampokea kwa shangwe. Siku ya kulenga ikifika, mshale unakosa. Mavazi ni ya shujaa, mkono ni wa Iktomi.

Kugeuzwa ni jambo jingine, nalo tumeliona kwa Ite. Yeye hakuazima uso wa pili. Aliwekewa, na hautoki. Lakini angalia kwamba adhabu ile haikumfanya kuwa takataka. Mwanamke wa nyuso mbili hutokea katika ndoto za wanawake, na anayemwota hukabiliwa na chaguo. Mojawapo ya zawadi zake ni ufundi wa nakshi za miiba ya nungunungu, ambazo zilipamba mavazi, viatu na mabebeo ya watoto kabla ya shanga za Ulaya kufika. Mwanamke fundi aliyesifiwa kwa nakshi zake angeweza kusemwa kwamba alimwota yeye. Uzuri na hatari vimekaa kichwa kimoja, na jamii inapokea kutoka pande zote mbili.

Ama kugeuka kwenyewe, bila kujigeuza wala kugeuzwa, mfano wake mkubwa ni Ptesanwin, Mwanamke Ndama Mweupe wa Nyati. Vijana wawili wametumwa kutafuta nyati wakati wa njaa. Wanamwona mwanamke akija peke yake juu ya kilima. Mmoja anamtamani na kumkaribia kwa nia mbaya. Wingu linawafunika, na linapoondoka ni mifupa tu iliyolala miguuni pa mwanamke. Wa pili anatumwa kijijini kuandaa mapokezi. Mwanamke anafika, anawapa watu kiko kitakatifu, anawafundisha namna ya kukitumia, kisha anaondoka, na wakiwa wanamtazama anaketi, anajigaragaza ardhini, anainuka akiwa ndama wa nyati, na anabadilika rangi kila anapojigaragaza tena. Kiko hicho kinatunzwa hadi leo Green Grass, katika hifadhi ya Cheyenne River, na mtunzaji wake wa sasa, Arvol Looking Horse, anahesabiwa kuwa wa kumi na tisa.

Huyu hakujificha katika umbo la ndama. Mbele ya watu alikuwa mgeni, na alipogeuka ndipo walipojua ni nani aliyekuwa miongoni mwao. Ndiyo maana nakusihi usiliweke tukio hili katika fungu moja na mchawi wetu anayegeuka fisi usiku ili asitambulike. Mchawi hugeuka kwa kuficha. Ptesanwin anageuka kwa kufunua. Na nyuma yake kuna imani kwamba watu na nyati ni ukoo mmoja: masimulizi ya Walakota yanasema watu waliishi chini ya ardhi kabla ya kupanda juu kupitia Wind Cave, pango lililoko Black Hills ambalo hupumua upepo ndani na nje kadiri mgandamizo wa hewa unavyobadilika. Na nani aliyewavuta watoke? Iktomi, aliyechoka upweke wake, pamoja na Anog Ite. Walimtuma mbwa mwitu na nyama nzuri na mavazi ya kupendeza, na Tokahe, ambaye jina lake maana yake ni wa kwanza, akaongoza watu kutoka. Walikuta baridi na njaa. Katika simulizi inayosimuliwa leo kuhusu pango hilo, kundi lililotangulia kutoka kwa kuhadaiwa liligeuzwa kuwa nyati, na wale waliotoka baadaye kwa idhini wakaishi kwa nyama na ngozi za ndugu zao. Nani basi alituleta duniani? Hila ya Iktomi. Hilo Walakota hawalioni kuwa kashfa, na nadhani ndilo jambo gumu kuliko yote kwa msomaji aliyezoea kwamba mwumbaji ni mmoja na mdanganyifu ni mwingine.

Umeuliza pia kwa nini mara nyingine anaokoa watu. Soma ngano ya Iya. Huyu ni zimwi hasa, mla kambi nzima, naye katika masimulizi ya Walker ni mtoto wa Mwamba kama Iktomi. Iktomi anakutana naye njiani, anatetemeka, lakini anamwahi kwa swali la umri. Iya anasema alizaliwa dunia na mbingu zilipoumbwa. Iktomi anamcheka na kudai kwamba yeye ndiye aliyeziumba, na Iya ni zao la mabaki aliyoyatupa. Kwa hiyo yeye ndiye mkubwa, na mdogo hamli kaka yake. Kisha, kwa sauti ya ndugu anayejali, anamwuliza anaogopa nini. Iya anataja njuga, ngoma na kelele za watu. Iktomi anamwacha amelala na kwenda kuwaarifu watu, nao wanamzingira kwa hivyohivyo alivyovitaja, wanamwua, na kutoka tumboni mwake wanatoka watu wazima wazima na mahema yao. Wanafunzi wako watalitambua tumbo hilo. Mazimwi wetu wengi hukatwa kidole, na kijiji kilichomezwa hutoka kikiwa hai. Nakuomba uwaonyeshe pia kwamba Iktomi hakubadilika hata kidogo: ulaghai ni uleule wa bata, na «mdogo wangu» ni ileile. Safari hii tu umeangukia pale ulipostahili.

Usimchanganye na heyoka. Vitabu vya juujuu huwaweka pamoja kwa sababu wote huchekesha, lakini heyoka ni binadamu halisi aliyeota viumbe wa radi, na kwa ndoto hiyo analazimika kufanya mambo kinyume: kutetemeka wakati wa joto, kuvaa nguo chache kwenye theluji, kutia mkono katika sufuria inayotokota. Black Elk, mzee mashuhuri wa Kioglala aliyefariki mwaka 1950, alikuwa mmoja wao. Heyoka hujidhalilisha kwa utii. Iktomi hajawahi kumtii yeyote.

Kuhusu Anansi, niseme waziwazi. Anansi ni wa Waakan wa Ghana, na alivuka Atlantiki pamoja na watumwa, akakita Jamaika na visiwa vingine vya Karibi. Iktomi yumo katika ukoo wa ngano za nyanda za ndani za Marekani Kaskazini, na ndugu zake wa kweli ni wajanja wa majirani. Kuna ushahidi mzuri wa ujirani huo: Wacheyenne na Waarapaho, kila mmoja kwa lugha yake, hutumia neno moja kwa buibui, kwa mjanja wa ngano na kwa mzungu. Sidhani wageni hao waliambiwa maana yake. Buibui wawili katika mabara mawili hawahitaji babu mmoja. Yeyote aliyekaa chini ya dari akamtazama buibui akitega, akingoja na kunyonya, anaweza kumfanya mjanja. Vivyo hivyo kile kitanzi cha mviringo chenye utando na manyoya, kinachouzwa kikining'inia hata kwenye vioo vya magari na kuhadithiwa kuwa zawadi ya Iktomi, asili yake inayojulikana ni kwa Waojibwe, ambako mtafiti Frances Densmore alikieleza katika kitabu cha mwaka 1929. Simulizi ya Kilakota inayokiambatanisha na Iktomi ipo, ila usiifanye kuwa ya kale kuliko hiyo.

Kwa darasa lako, tumia ngano ya bata na ya Iya kwa pamoja, katika wiki moja, ili mhusika asimame kwa miguu yote miwili. Matoleo ya Zitkala-Ša yanafaa kwa kusimuliwa kwa sauti, ila yaliandikwa kwa ajili ya watoto na yamesafishwa. Iktomi wa wazee ana matusi na mambo ya chumbani ambayo hutayakuta hapo. Ukitaka kuona lugha ilivyo, mkusanyiko wa Ella Deloria wa mwaka 1932 una ngano 64 kwa Kidakota pamoja na tafsiri, na yeye hakuficha sana. Wape wanafunzi waigize. Wengi watagombea nafasi ya Iktomi, lakini mpe mwanafunzi mwenye subira nafasi ya mti, na umwambie asiyaachie matawi mpaka bata wa mwisho ameliwa.